Nimekatwa maksi kwa sababu darasa lilicheka vita

Najua nimepotea. Tumerudi chuoni kutoka TP wiki iliyopita, bumu bado halijatoka, na hapa nilipo nina chai ya rangi na chapati moja ninayoila kwa mahesabu. Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie, leo nitaandika kirefu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nafundisha Historia kidato cha tatu, mada ya Vita Kuu ya Kwanza. Desa lake mnalijua: sababu za vita, Sarajevo, mkataba wa Versailles, athari kwa Afrika nukta saba, darasa linanakili, kengele inalia, tumemaliza. Nikasema mimi sifundishi hivyo. Nikaanza na Ziwa Nyasa, na darasa likacheka mpaka madawati yakagongana. Msimamizi wangu alikuwa amekaa nyuma na fomu yake. Dakika ya ishirini akanyanyuka kwenda kumkagua mwenzangu darasa la jirani. Kwenye fomu aliacha maneno machache tu: vita si jambo la kuchekesha, mwalimu ajifunze kuheshimu mada. Maksi zikashuka kama ndege iliyoishiwa mafuta.

Narudi chuoni na kinyongo changu, namkuta jamaa ninayekaa naye chumba kimoja yuko kitandani anatungua ndege za Wajerumani. Huyu bwana ana laptopu kuukuu na gemu moja tu, IL-2 Sturmovik, ile iliyotoka mwaka 2001 na kuongezwa ndege nyingine kibao mpaka toleo la 1946. Nikamsimulia yaliyonikuta. Akanijibu bila hata kugeuza shingo: "Msimamizi yuko sawa kaka. Bora ungewaonyesha gemu. Hapa kila kitu ni cha kweli, komedi ni utani tu."

Kwa hiyo leo nina watu wawili wa kubishana nao. Mmoja anasema vita havichekwi. Mwingine anasema ukweli wa vita uko kwenye gemu. Mimi nasema hivi: komedi za zamani za kwenye runinga zina ukweli wa vita kuliko gemu ya kurusha ndege, na vyote viwili vimemsahau mtu mmoja, ambaye ni wa kwetu. Sasa twende taratibu.

Kwanza niwape kilichowachekesha wanafunzi, mjihukumie wenyewe. Agosti 1914 Ziwa Nyasa lilikuwa na meli mbili ndogo zenye mizinga. Waingereza walikuwa na Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, nahodha wake Berndt. Hawa manahodha walikuwa marafiki, wakikutana wanakunywa pamoja. Vita vikatangazwa Ulaya. Rhoades akapata habari, Berndt hakupata. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikaenda Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli, ikaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Rhoades akaanza kupiga mizinga. Berndt akapanda mtumbwi amefura kwa hasira, akapiga kasia hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Akaambiwa hapana ndugu, kuna vita, na wewe sasa ni mateka.

Haya niambieni, ukisoma hivyo mbele ya watoto arobaini na tano wa kidato cha tatu saa saba mchana, watalia? Mimi sikuongeza chumvi hata punje. Kichekesho kilikuwa ndani ya historia yenyewe. Aliyekuwa na kazi ya kukificha ni yule anayetaka vita vionekane ni jambo la wakubwa wenye akili, waliopanga kila kitu.

Na hapo ndipo ninapoanza na msimamizi. Heshima yake kama mwalimu wangu iko palepale, shikamoo nampa, lakini hoja yake siikubali. Waliotuonyesha kwamba vita vinachekeka ni watu waliovipitia wenyewe. Chukueni Dad's Army ya BBC, iliyorushwa kuanzia 1968 hadi 1977. Ni habari ya wazee na vijana waliobaki nyumbani Uingereza mwaka 1940, wakiambiwa walinde mji wao mdogo Wajerumani wakivuka bahari. Silaha hazitoshi, kamanda wao ni meneja wa benki anayejiona jenerali. Mmoja wa waandishi wake, Jimmy Perry, alikuwa kwenye kikosi cha namna hiyo akiwa kijana mdogo. Na yule mzee mpole anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila wakati, mwigizaji Arnold Ridley, alijeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916. Mtu mwenye makovu ya Somme mwilini anachekesha watu kuhusu vita, halafu mimi wa kusoma madesa niambiwe nimekosa heshima?

Kuna nyingine ya Wamarekani, Hogan's Heroes, 1965 hadi 1971, kuhusu mateka wa vita wanaowazungusha Wajerumani ndani ya kambi. Kamanda mjinga wa kambi, Klink, aliigizwa na Werner Klemperer, Myahudi ambaye familia yake ilikimbia Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka. Alikubali kuigiza kwa sharti kwamba Klink asishinde hata siku moja. Na mateka Mfaransa aliigizwa na Robert Clary, aliyetoka hai kambi ya Buchenwald, huku ndugu zake wengi wakiwa wameuawa na Wanazi. Kucheka kwake Clary hakukuwa kusahau. Alikuwa anamnyang'anya mtesaji wake ile sura ya kutisha.

Halafu kuna Blackadder Goes Forth ya mwaka 1989, mahandaki ya mwaka 1917. Vipindi vyote unacheka: majenerali wamejaa chakula kilomita nyingi nyuma, askari wanapangiwa kufa kwa ajili ya mita chache za tope. Kipindi cha mwisho wanatoka kwenye handaki kukimbilia risasi, na hapo kicheko kinakukwama kooni. Ndiyo ualimu huo! Wamekufungua moyo kwa kicheko ili waweze kuingiza huzuni. Ukianza na huzuni peke yake, darasa linajifunga kama konokono.

Sasa nageukia kitandani kwa jamaa yangu. Kaka, gemu yako naipenda, na ukinipisha naicheza mpaka alfajiri. Najua ukipinda sana mrengo mwendo unakufa unaanguka. Najua injini ikipata moto kupita kiasi inazimika. Unaniambia kwamba ndege ya IL-2 ilitengenezwa zaidi ya 36,000, kwamba rubani alikaa ndani ya chuma kinene kama bafu. Kweli tupu. Lakini nikuulize, mchezo unaanzia wapi? Unaanzia ndege iko uwanjani, tangi limejaa, risasi zimepangwa, hali ya hewa umeichagua wewe. Ukifa kuna kitufe cha kuanza upya. Huo ni ukweli wa mashine. Vita vilianza kabla ya hapo.

Njoo Rufiji uone. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia Zanzibar alfajiri ikaikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga inatengenezwa. Ikaizamisha. Baadaye ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza wakaizingira zaidi ya miezi minane bila kuifikia, maana meli zao kubwa zingekwama kwenye maji mafupi. Wakamkodi rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini, na Novemba 1914 akaiona kutoka juu. Zikaletwa ndege za Sopwith. Joto na unyevu wa pwani yetu vikazishinda: gundi ikaachia, mbao zikapinda, injini zikakosa nguvu, nyingine hata kunyanyuka majini na watu wawili ikawa shughuli. Hebu niambie, gemu gani utanunua ambayo kazi yako siku nzima ni kuangalia gundi inayeyuka?

Najua utaniambia kuna sehemu tamu, na ipo. Waingereza waliweka uwanja wa ndege Mafia, wakaleta manowari mbili bapa zinazopita maji mafupi, Severn na Mersey. Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, likashindikana. Tarehe 11 wakarudi. Juu alikuwepo rubani Cull na mwenzake Arnold, kazi yao kutazama makombora yanaangukia wapi na kuwaambia wapigaji warekebishe. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa, ikaanza kushuka. Arnold akaendelea kutuma marekebisho kwa simu ya upepo mpaka wakaanguka majini jirani na Mersey. Wakaokolewa wote wawili, na Königsberg siku hiyo ikaisha, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Hiyo ukiiweka kwenye gemu nitakuwa wa kwanza kununua, bumu likitoka.

Lakini gemu yako ingeishia hapo. Maandishi "umeshinda", muziki, basi. Historia haikuishia hapo hata kidogo. Wajerumani walirudi wakaopoa mizinga kumi ya ile meli, kila mmoja zaidi ya tani moja. Kutoka kwenye tope la Rufiji mpaka Dar es Salaam, nani aliivuta? Ilivutwa na watu, kwa kamba na mabega. Ikatiwa magurudumu ikapelekwa huku na huko nchini kuendelea kuua. Leo mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine Jinja, mwingine Pretoria. Ukienda utasoma kibao kinachotaja jina la meli. Majina ya walioivuta utayatafuta sana.

Hili swali, nani alibeba, ndilo nililowauliza wanafunzi wangu baada ya msimamizi kutoka mlangoni. Alisikia kicheko hakusikia kilichofuata, na ndicho kinachoniuma.

Niliendelea na Ziwa Tanganyika. Huko nako ni komedi tupu kwa kuanzia. Waingereza walituma boti mbili za injini kutoka London, Juni 1915, chini ya kamanda Spicer-Simson, aliyekuwa akivaa sketi ya kaki kwa sababu ya joto. Alitaka boti ziitwe Mbwa na Paka, wakubwa wake wakakataa, akaziita Mimi na Toutou. Zikaenda kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume huko Katanga, kisha zikaburutwa juu ya milima kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, kwenye njia iliyojengwa madaraja zaidi ya 100. Zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine. Wajerumani walikuwa na meli kubwa pale Kigoma, Graf von Götzen, iliyokuja kutoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya makasha na kuunganishwa hapahapa, ikapewa mzinga mmoja wa Königsberg. Ndege za Wabelgiji zilipokuja kuitupia mabomu mwaka 1916, ule mzinga ulikuwa umeshaondolewa, na mahali pake wamesimamisha wa bandia wa mbao! Baadaye wakaizamisha wenyewe, injini wamezipaka grisi vizuri. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo, Liemba hiyohiyo. Darasa linacheka, kijana mmoja ambaye bibi yake ni wa Kigoma anapiga meza.

Ndipo nikauliza: zile boti zilivyokuwa milimani na matrekta yanataka maji ya kuchemsha, maji yalitoka wapi? Kimya. Yalibebwa na wanawake wa vijiji vya huko, kichwani, mwendo mrefu, wakati wa kiangazi. Nikawapa hesabu ubaoni. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za chakula cha askari. Yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Anakwenda siku 12, anarudi siku 12. Askari amepata kilo ngapi? Wakakokotoa. Kilo moja. Na kama kila askari anahitaji kula kila siku, wanahitajika wapagazi wangapi? Na kama huna wapagazi wa kutosha, unapunguza nini? Binti mmoja wa mbele akajibu kwa sauti ya chini: "Unapunguza chakula cha mpagazi." Hakuna aliyecheka. Kengele ililia wakabaki wamekaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaofikia milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na makadirio ya waliokufa ni 95,000 au zaidi, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na wake, na hesabu zao hazikutunzwa vizuri. Kariakoo unakoenda kununua viatu vya mtumba imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na Kariokor ya Nairobi vilevile. Nenda katikati ya jiji Dar ukaitazame sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini. Juu, kwenye shaba, yupo askari na bunduki peke yake. Angalau Nairobi walimchonga na mpagazi.

Sasa msije mkasema nazipamba komedi. Zina dhambi zake. It Ain't Half Hot Mum, 1974 hadi 1981, inahusu Waingereza walioko Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mhindi mkuu katika komedi hiyo aliigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia. Wanaobeba chai na kuvuta feni wapo, tena wana maneno yao, lakini mtazamo ni wa wanaoletewa chai. Komedi hizi zinamcheka mkubwa mjinga, na hapo nazipigia makofi. Kumwona aliye chini kabisa ya mzigo, bado.

Tofauti ni kwamba komedi ina mlango wa kumwingiza. Komedi inaishi kwenye vitu ambavyo gemu inavifuta: kusubiri, chakula kibovu, amri za kijinga, viatu visivyokaa mguuni, mtu kujifanya mgonjwa ili asitumwe. Hayo ndiyo maisha ya mpagazi. Kwenye gemu ya ndege mpagazi ana nafasi gani? Ni nukta ardhini unayoipita kwa kasi ya kilomita mia tatu. Ndiyo maana nasema komedi ina ukweli zaidi. Gemu inahesabu misumari ya bawa, komedi inamwangalia mtu usoni.

Na kwetu watu wa kuifanya wapo. Nchi iliyomzaa Mzee Majuto na Mzee Small ishindwe kuigiza nahodha anayepiga kasia kwenda kuuliza kama rafiki yake amelewa? Kenya wana Vioja Mahakamani, miaka nenda rudi. Nipeni wapagazi watatu chini ya mwembe na sajini mmoja anayejiona jenerali, wamepewa kazi ya kuulinda mzinga wa mbao usiibwe. Vipindi sita tu. Cha mwisho wawili wawe hawapo, na mzigo wao umegawanywa kwa aliyebaki. Na ninyi mnaosoma kompyuta, mnaotamba mnajua kutengeneza gemu, nitengenezeeni moja ambayo unaanza na kilo 25 na safari ya siku 12, na kitufe cha kuanza upya hakuna.

Msimamizi wangu, kama utapita hapa, kosa langu nalikiri: kwenye andalio la somo sikuandika popote kwamba wanafunzi watacheka, wala sikuandika kwamba watanyamaza. Ningeandika vyote viwili, labda ungekaa mpaka mwisho. Maksi sizidai tena. Mwakani nikipata ajira nitafundisha hivyohivyo.

Jamaa yangu wa chumbani amesoma haya kabla sijayaweka. Amekuna kichwa, amesema "sawa, ila gundi ingekuwa noma kwenye gemu", akarudi kutungua ndege. Nimemwachia kipande cha chapati.

Naomba kuwasilisha.